Chuo Ndani ya Shule: Habari ya Vijana Sita wa Joliet

Mwezi uliopita, baada ya darsa ya akina mama, alitujia mama mmoja tunayemjua tangu utoto wake, akakaa kitako pembeni, mkononi ana karatasi aliyochapishiwa saiba. Bintiye wa pili alikuwa amefanya vizuri mtihani wa kidato cha nne, na sasa ameitwa chuo kikuu: Eldoret, karibu kilomita 800 kutoka Mombasa. Mama huyu hakuja kutuuliza kama elimu ya mtoto wa kike inafaa. Suala hilo, alhamdulillahi, limekwisha katika nyumba nyingi, na nyumbani kwake halikuwahi hata kuanza. Alilouliza lilikuwa jambo jingine.

"Maalim," akasema, "huu mwaka wa kwanza na wa pili, haiwezekani akausomea papa hapa, katika shule ile ile aliyomalizia? Walimu anawajua, njia anaijua, nauli ni ya matatu moja. Kisha akikomaa, aende."

Tulimjibu kwamba jambo hilo halipo katika shule zetu za umma. Akashukuru, akainuka, akaenda zake. Lakini usiku ule usingizi haukutujia upesi, kwa sababu tulikumbuka kwamba swali lake si geni duniani. Liliulizwa zaidi ya miaka 120 iliyopita katika mji wa viwanda huko Marekani, na wako waliolijibu kwa vitendo. Habari yake inafaa kusimuliwa katika ukurasa huu wa jamaa, kwani ni habari ya wazazi na watoto kabla ya kuwa habari ya serikali na vyuo.

Mji wenyewe ni Joliet, katika jimbo la Illinois, umbali wa kilomita 60 hivi kusini-magharibi mwa Chicago, kando ya mto Des Plaines. Ulikuwa mji wa jasho. Kulikuwa na machimbo ya mawe ya chokaa, kulikuwa na tanuri za chuma, kulikuwa na reli, na kulikuwa na mfereji uliofunguliwa mwaka 1848 ili mashua zipite baina ya Chicago na mto Illinois. Wakazi wake wengi walikuwa wahamiaji kutoka Ulaya na watoto wa wahamiaji, watu waliokula walichokichuma wiki ile. Mwaka 1901 mji ulifungua jengo jipya la shule yake ya upili ya umma, Joliet Township High School, lililojengwa kwa yale mawe yao ya chokaa. Msomaji aliyelelewa katika nyumba za matumbawe za Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa atafahamu fahari ya mji unaojijengea kwa jiwe la ardhi yake.

Msimamizi wa shule hiyo aliitwa J. Stanley Brown. Kila mwaka aliwaona vijana wake wakimaliza miaka minne ya shule ya upili, wakiwa na akili za kwenda mbele, lakini wengi wao hawaendi popote. Chicago haikuwa mbali kwa garimoshi. Kwa mfuko wa fundi wa tanuri, hata hivyo, ilikuwa mbali sana: karo ya chuo, chumba cha kupanga, chakula cha mjini, na juu ya hayo yote ule ujira ambao kijana angeuleta nyumbani lau angeingia kiwandani. Masikini hupiga hesabu mara mbili, ya kile atakachotoa na ya kile atakachokosa.

Aliyesimama upande wa pili wa habari hii ni William Rainey Harper, rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chicago, chuo kilichofungua milango yake mwaka 1892 kwa fedha za tajiri wa mafuta John D. Rockefeller. Harper tunamtajia maisha yake kwa urefu kidogo, na sababu yake itaonekana. Alizaliwa mwaka 1856 katika kijiji cha New Concord, jimbo la Ohio, mwana wa mwenye duka. Katika kijiji hicho mlikuwamo chuo kidogo kiitwacho Muskingum. Akaingia humo akiwa na umri wa miaka 10, akahitimu akiwa na miaka 14, na siku ya kuhitimu akatoa hotuba kwa Kiebrania. Lugha hiyo ndiyo iliyokuja kuwa fani yake ya maisha, pamoja na lugha ndugu zake za Kisemiti, na sisi tuliosoma nahau na sarafu ya Kiarabu tangu utotoni tunajua kazi iliyo katika fani hiyo. Baada ya kuhitimu hakukimbizwa mjini. Alibaki nyumbani kwa muda, akimsaidia babake dukani, ndipo akaenda Yale, na kufikia umri wa miaka 18 alikuwa amekwisha kupata shahada ya udaktari.

Huyu, basi, ni mtu aliyesoma chuo huku akila chakula cha mamake. Hatudai kwamba ndiko fikra yake ilikotoka. Lakini tunasadiki kwamba mtu wa namna hiyo hahitaji kuelezwa mara mbili nini maana ya chuo kuwa karibu na mlango wa nyumba.

Harper alikuwa na sababu zake za kielimu pia, na si zote zilikuwa za huruma. Aliona kwamba miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu, kwa tabia yake, ni ndugu wa shule ya upili. Kijana bado anajengwa, anapewa lugha, hesabu, historia na misingi ya sayansi. Utafiti wa kweli na ubingwa huanza baadaye. Kwa hiyo aliigawa miaka minne ya chuo chake mafungu mawili, na kuanzia mwaka 1896 fungu la chini likaitwa kwa jina linaloweza kufasiriwa chuo kidogo, na la juu chuo kikubwa. Aliyemaliza fungu la chini alipewa shahada ndogo, ili anayetaka kuishia hapo aishie kwa heshima, wala asihesabiwe kuwa ameshindwa. Mwaka 1900, katika hotuba aliyoitoa mbele ya walimu wa nchi nzima mjini Charleston, alipendekeza kwamba vyuo vidogo visivyo na uwezo wa kufundisha miaka minne vizuri vifundishe miwili, lakini viifundishe barabara.

Brown na Harper walikutana katika jambo hili. Mmoja alikuwa na vijana wasio na pa kwenda, mwingine alikuwa na fikra isiyo na pa kujaribiwa. Makubaliano yao yalikuwa mepesi kuelezwa: wanafunzi waliomaliza shule ya upili ya Joliet na wakataka kuendelea, warudi katika jengo lile lile, wasome masomo ya mwaka wa kwanza na wa pili wa chuo kikuu, kisha Chuo Kikuu cha Chicago kiyahesabu masomo hayo kana kwamba yamesomwa kwake. Atakayekwenda Chicago baadaye ataingia mwaka wa tatu moja kwa moja.

Mwaka 1901 waliingia wanafunzi sita.

Tumesimama hapo makusudi, kwa sababu idadi hiyo hupuuzwa. Leo mradi ukianza na watu sita, watu huuliza una faida gani, na mfadhili akatafuta pengine pa kutia fedha zake. Sita wale hawakuwa na jengo lao wala walimu wao peke yao. Hata jina hawakuwa nalo, kwani yaliitwa tu masomo ya baada ya kuhitimu. Walikaa shule moja na watoto wadogo kwao kwa miaka mitano, chini ya paa moja na kengele moja. Sisi tuliopitia madrasa hatuoni ajabu. Kwetu pwani neno chuo maana yake ya kwanza ni chuoni kwa mwalimu, pale mtoto anapoanzia alifu, na katika misikiti yetu mikubwa si jambo geni kuona watoto wakisoma juzuu upande mmoja, na upande wa pili, kwenye nguzo, watu wazima wenye ndevu wakisoma fikihi kwa shekhe yule yule. Huona ajabu yule aliyezoea kwamba kila daraja ya elimu iwe na ukuta wake na lango lake.

Desemba 1902 bodi ya shule ikaidhinisha rasmi masomo hayo na kuamua kwamba yatolewe bila ya karo. Hapa ndipo tunapoona uzito wa jambo zima. Kujaribu ni rahisi. Uzito ni wananchi wa mji kukubali kwamba kodi yao iliyokuwa ikimsomesha mtoto hadi mwaka wa nne, sasa imsomeshe hadi wa sita. Fundi ambaye hana mtoto wa kusoma chuo alikuwa akichangia elimu ya mtoto wa jirani yake. Wakakubali.

Harper hakuishi kuyaona matunda. Alifariki Januari 1906 kwa maradhi ya saratani, akiwa na umri wa miaka 49. Mipango ya namna hii katika miji mingine ilififia upesi, lakini wa Joliet uliendelea, na mwaka 1916 ndipo ulipopewa jina la Joliet Junior College. Jambo likaishi miaka 15 bila ya jina lake, na pengine ndiyo salama iliyolilinda, kwani kisicho na jina hakina wa kukihusudu. Hivi leo ndicho chuo cha umma cha miaka miwili kikongwe kuliko vyote Marekani.

Kutoka hapo fikra ilihamia magharibi. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 1907 kuziruhusu shule za upili kutoa masomo ya miaka miwili baada ya kuhitimu, na mji wa Fresno ukawa wa kwanza kuitumia, mwaka 1910. Fresno ni mji wa mashamba ulio bondeni, na kutoka huko hadi Stanford au Berkeley, kwenye vyuo vikuu, ni zaidi ya kilomita 200. Hoja iliyotolewa na msimamizi wa shule zake, C. L. McLane, alipowataka wazazi maoni yao, ilikuwa karibu sawa na ya mama wetu mwenye karatasi: umbali, gharama, na watoto ambao wazazi wao wangependa wabaki nyumbani muda kidogo zaidi. Tuliposoma hayo tulicheka peke yetu. Mzazi ni mzazi, awe Mkristo wa Fresno mwenye shamba la zabibu au Mwislamu wa Kibokoni mwenye kibanda cha mahamri.

Na watoto wa kike? Hao ndio waliofaidika kuliko ilivyotarajiwa. Katika majimbo kama Missouri, ambako mwalimu wa shule ya msingi hakulazimishwa siku zile kuwa na shahada kamili, ilikuwa kawaida zaidi ya asilimia 60 ya wanafunzi wa vyuo hivi kuwa wanawake, karibu wote wakijiandaa kwa ualimu. Msichana alisoma miaka miwili mjini kwao, akatoka na kazi mkononi, akarudi darasani kuwafundisha wadogo zake. Wako watakaosema kwamba hiyo ni njia ya kumfunga mwanamke katika kazi moja, nao wana neno. Lakini aliyekuwa hana njia hata moja akipata moja, hatuioni haki ya kumlaumu kwa kutopata kumi.

Tusifiche upande wa pili, maana sifa tupu si elimu. Tangu mwanzo kulikuwa na shaka mbili juu ya vyuo hivi. Ya kwanza ni ya ubora: mwalimu wa kidato ataweza kufundisha mambo ya chuo kikuu? Joliet ilijibu kwa kuufanya uzani uwe mkononi mwa chuo kikuu chenyewe, ambacho kama kisingeridhika na masomo hayo kisingeyahesabu, na mwanafunzi angekuwa amekalia dawati miaka miwili bure. Uaminifu baina ya shule na chuo kikuu ndio uliokuwa roho ya mpango. Bila yake lingebaki jengo na kengele.

Shaka ya pili ni nzito zaidi, nayo haijaisha hata leo. Baadhi ya wakuu wa vyuo vikuu wa zama zile waliupenda mpango huu kwa sababu uliwapunguzia umati. Wengi wasomee huko huko kwao, na wachache waliochujwa waje kwetu. Mwaka 1960 mwanazuoni wa elimu ya jamii, Burton Clark, alitoa kitabu alichokiandika baada ya kuchunguza chuo cha miaka miwili cha San Jose, California. Alionyesha kwamba chuo kama kile kinaweza kumpokea kijana mwenye ndoto kubwa, kisha kwa ushauri wa upole na mitihani midogo midogo kikaipoza ndoto yake hadi akatosheka na kidogo, naye akadhani kwamba ameamua mwenyewe. Tumelitafakari sana hilo. Mlango ulio karibu ni neema, lakini mlango ulio karibu unaweza pia kuwa ndio mwisho wa safari, ikiwa hakuna anayemshika kijana mkono na kumwambia kwamba bado kuna wa pili. Mzazi anayefurahi mno kwa mtoto kubaki naye yeye pia anaweza kuwa katika hao wanaopoza, na hili tunalisema tukijitazama sisi wenyewe, tulio na mabinti.

Baadhi ya wasomaji watatuambia: mbona sisi tulikuwa nacho, kile kidato cha tano na cha sita? Ni kweli, kwa kiasi. Kaka zetu waliikuta miaka ile miwili ndani ya shule za upili, kabla ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 kuiondoa. Tofauti ni kwamba kidato cha sita kilikuwa ngazi ya kugombania mlango, kwa mtihani mmoja mkali, na aliyeanguka alitoka bila ya kitu cha chuo kikuu mkononi. Wa Joliet walikuwa wamekwisha kuingia mlangoni wakiwa bado shuleni. Na ilipoondolewa miaka ile kwetu, shahada ya kawaida ikarefuka kutoka miaka mitatu hadi minne. Maana yake mwaka mmoja wa elimu ulihama kutoka shule ya karibu na nyumbani ukaenda chuo kikuu cha mbali, na gharama ya malazi ikahama nao. Hatukumbuki mtu aliyelisema hilo kwa sauti wakati ule. Mtaala mpya wa umilisi umeipanga tena miaka mitatu ya mwisho ya shule na mitatu ya chuo kikuu, na huenda humo mkawa na nafasi ya kuliuliza upya.

Joliet wenyewe walifika mahali nyumba ikawa ndogo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, sheria ya mwaka 1944 iliwalipia askari waliorudi masomo yao, na mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ikashauri vyuo vya jamii vienezwe nchi nzima. Jimbo la Illinois likapitisha sheria yake mwaka 1965, na mwaka 1967 chuo cha Joliet kikatengwa na shule kikawa na wilaya yake yenyewe, kisha kikahamia kwenye viwanja vyake. Kwa zaidi ya miaka 60 kilikuwa kimekaa ndani ya shule kama mtoto aliyeoa na bado akaishi kwa wazazi. Leo Marekani ina vyuo vya namna hiyo takriban 1,000.

La ajabu ni kwamba baada ya kutengana, vikaanza kutafutana tena, mara hii kwa njia ya kinyume. Mwaka 1974, New York, chuo cha LaGuardia kilifungua shule ya upili ndani yake kwa ajili ya vijana waliokuwa wakielekea kuacha masomo, kwa fikra kwamba kijana aliyechoka kutendewa kama mtoto huenda akatulia akikaa na wakubwa. Kisha mwaka 2001, miaka 100 kamili baada ya wale sita, chuo cha Bard na idara ya elimu ya mji huo huo walianzisha shule ya umma ambamo mwanafunzi, katika miaka ile minne ya kawaida ya shule ya upili, hutoka na cheti cha shule na shahada ndogo ya chuo kwa pamoja, bila ya karo.

Yote haya tulimsimulia yule mama aliporudi wiki ya pili, akiwa na bintiye safari hii, msichana mnyamavu mwenye macho ya kuuliza. Safari ya Eldoret ilikuwa imekwisha kukubaliwa, mjomba atampeleka, na sanduku limenunuliwa. Mama alisikiliza hadi mwisho, akauliza huyo msimamizi wa Joliet aliomba ruhusa kwa nani kwanza.

Tukamwambia kwamba wanafunzi waliingia 1901, na bodi iliidhinisha Desemba ya 1902.

"Kwa hivyo alianza kabla ya ruhusa," akasema msichana, na hilo ndilo neno la pekee tulilolisikia kutoka kwake siku ile.

Mamake akamtazama, akacheka, akamwambia anyanyuke waende, jua linatua na bado hawajanunua blanketi.